Mkanda wa Fainali Tuliyofungwa

Glenda Pickersgill alikuwa na unga hadi kwenye viwiko Janine alipoingia kwa mlango wa jikoni. Kwetu Ackersby, kijiji cha mgodi wa makaa ya mawe, mlango wa mbele ni wa polisi na wahubiri. Mwenye habari njema hupita nyuma. Janine ni katibu wa klabu yetu ya raga, mwanamke asiyejua kutembea, yeye ni kukimbia tu, na siku hiyo habari ilikuwa imemjaa mpaka kooni.

"Bi Glenda, umekaa?"

"Nimesimama, unaniona. Sema."

"Tumeupata mkanda wa fainali. Ule wa mwaka themanini na nane. Ulikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya viti vibovu. Nimempelekea fundi mjini akauhamishia kwenye kompyuta. Jumamosi ijayo, kwenye sherehe ya kuunganisha klabu yetu na ya majirani, tunauonyesha ukutani, watu wote waone."

"Haya," Glenda akasema, akaendelea kusukuma unga. "Kwa mvua ile mtaona nini? Matope tu."

"Picha safi. Na sauti ndiyo usiseme. Nimefungulia kidogo tu nihakikishe, nikakusikia wewe unamshukia mtu kwa matusi. Nimecheka mpaka basi."

Mkono wa Glenda ukasimama juu ya unga.

"Sauti gani? Mashine ile kinasa sauti chake kilikuwa kimekufa."

"Kama kilikufa, basi kimefufuka," Janine akasema, akachukua pai moja ya jana na kutoka nayo.

Glenda akavuta kiti akakaa. Alikumbuka vizuri alimtukana nani siku ile. Mtu mwenyewe alikuwa sebuleni wakati huo huo, mita chache kutoka pale, amelala kwenye kochi na gazeti usoni, na cheti cha ndoa yao kilikuwa kwenye droo ya kabati nyuma yake.

Lakini kwanza nikwambie habari ya mkono wake, maana bila mkono ule pasingekuwa na mkanda. Tangu ana miaka kumi na sita Glenda alikuwa akipamba keki za harusi kwenye duka la mikate la Ibbotson. Aliweza kuandika jina la bibi na bwana harusi kwa sukari huku basi likipita nje na vioo vya duka vikitetemeka, na herufi isipinde. Kwa hiyo klabu ilipoazima kamera ya video kwa ajili ya fainali, kaka yake Royston Fozzard, aliyekuwa kocha, akasema hakuna mlevi yeyote wa kamati atakayeigusa. Itashikwa na dada yake.

Wakampandisha nyuma ya lori la baba yao la kuuzia makaa ya mawe, likaegeshwa sawa na katikati ya uwanja. Rafiki yake Avril akapandishwa naye kushika mwavuli juu ya kamera, siyo juu ya watu. Royston akampa amri moja tu.

"Fuata mpira, dada. Hata mimi nikizimia hapa chini, wewe fuata mpira. Na ongeeni mnavyotaka, sauti haiingii."

Mechi ilikuwa dhidi ya Thorpley. Thorpley ni kijiji cha nyuma ya kilima, dakika kumi kwa baiskeli, na watu wake ni sawasawa na sisi kwa kila kitu, ndiyo maana tulikuwa hatuwezi kuvumiliana. Wachimba migodi kwa wachimba migodi, raga ya watu kumi na tatu kila upande, ile ya kwetu, siyo ile ya kumi na tano ya watoto wa mawakili. Kwenye mstari wao wa mbele, namba nane, alisimama kijana mmoja aitwaye Neville Pickersgill, mpana kama mlango wa ghala. Tukaongoza mechi nzima. Dakika za mwisho kabisa winga wao akaudaka mpira, akakimbia, akaugusisha chini nyuma ya mstari wetu, na refa akasema ni trai. Tukafungwa kwa pointi mbili. Ackersby nzima, wakiwemo waliokuwa hawajazaliwa, wanaapa kwamba ule mpira ulimponyoka winga kabla ya kugusa chini.

Royston aliutupa mkanda kwenye sanduku bila kuutazama. Watu walidhani ni hasira. Haikuwa hasira, ilikuwa hofu: aliogopa autazame akute trai ilikuwa halali. Mtu akishajenga nyumba yake juu ya dhuluma aliyotendewa, hapendi kuchimbachimba kwenye msingi.

Miezi mitatu baadaye Glenda alipeleka keki kwenye harusi moja, akakuta yule namba nane naye kaalikwa. Wakacheza muziki. Mwaka uliofuata akajiandikia keki yake mwenyewe, na Neville akahamia Ackersby, Mthorpley wa kwanza kulala upande huu wa kilima kwa hiari yake.

Sasa, Neville ana kisa chake kimoja. Watu wengine wana nyimbo, yeye ana kisa. "Mke wangu alinipenda siku ya fainali. Aliniangalia dakika zote themanini, hakupepesa." Alikisema siku ya harusi yao. Alikisema mabinti zao wawili walipobatizwa, na siku alipoagwa kazini kwenye shule alikokuwa mlinzi na fundi wa kila kitu. Majira ya kuchipua mwaka huu alipofanyiwa upasuaji wa moyo, alipozinduka alimhadithia nesi kisa hicho kabla hajamwambia kwamba ana kiu. Nasi siku zote tunamcheka. Tunamwambia, Neville, mwanamke wa Ackersby siku ya fainali akutazame wewe? Kwa lipi?

Glenda naye siku zote hujibu, "Mwacheni aseme."

Alimwacha aseme ingawa alijua siyo kweli. Siku ile alimchukia Neville kama jino linalouma. Lakini kisa kilimpendeza mume wake, na mtu aliyefanya kazi mgodini, kisha mgodi ukafungwa, kisha magoti yakaharibika, kisha moyo nao ukataka marekebisho, umnyime kisa chake kwa nini? Aliuona kuwa ni uongo mdogo usiomla mtu, akampa mumewe kama zawadi. Na sasa zawadi ile ingefunguliwa mbele ya vijiji viwili, ikutwe ndani yake mna matusi matupu.

Jioni hiyo Avril alikuja kunywa chai. Akapewa habari, akaangua kicheko mpaka akashika meza.

"Shoga, mimi nakumbuka yote. Ulisema, hilo kabati nani kalitoa nje."

"Nilisema?"

"Ukasema anakimbia kama katumwa duka lililofungwa. Ukasema mama yake alimlisha saruji. Masikio yake ukayaita, ngoja, ukayaita uyoga uliokanyagwa."

"Basi, Avril."

"Na lile la rambirambi je?"

Glenda akafunga macho. La rambirambi alikuwa amelisahau, kwa sababu akili ina huruma. Sasa likarudi zima zima. Alisema, kwa sauti, mvua ikimwagika: "Mwanamke atakayeolewa na hilo, mimi mwenyewe nitampelekea rambirambi."

"Mdomo umeniponza," akasema.

"Mwambie kabla. Jumamosi asikie kwako, asisikie ukutani."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Glenda alikusudia kuufuata. Asubuhi akamkuta Neville jikoni na ubao wa kupigia pasi. Alikuwa anainyoosha tai yake ya klabu ya Thorpley, iliyoliwa na nondo pembeni, kwa uangalifu wa mtu anayenyoosha shuka la mtoto mchanga.

"Neville, kuhusu ule mkanda."

"Watanyamaza safari hii," Neville akasema, na uso wake ulikuwa umeng'aa. "Miaka yote wananiita mjigambi. Wewe ulikuwa pale juu ya lori na kamera, sasa wataona kama uliniangalia au hukuniangalia. Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nilitaka kuuliza kama unataka mayai."

Akakaanga mayai. Kisha akavaa koti akaenda kwa Royston, ambaye sasa ana miaka sabini na tano na anaishi na paka mmoja mwenye roho mbaya.

"Kaka, zuia mkanda huo usionyeshwe. Wewe ulikuwa kocha, watakusikiliza."

"Nizuie? Mimi ndiye niliyemwambia Janine aulizie fundi." Royston akajivuta kwenye kiti. "Glen, nimeogopa kitu hiki tangu nina nywele. Sasa nimesema, liwalo na liwe. Nataka nione ule mpira ulimponyoka au haukumponyoka, nife najua."

"Nilimtukana Neville mechi nzima."

"Nani hakumtukana Neville? Wewe ulifuata mpira?"

"Nilifuata."

"Basi hayo mengine ni ya kwenu," kaka yake akasema, akampa paka mgongo wa samaki.

Jumamosi ikafika, na hakuna aliyeizuia. Ukumbi wa klabu ulijaa mchana kweupe, Thorpley kushoto na Ackersby kulia, ingawa kwenye karatasi tulikuwa klabu moja tangu Jumatatu. Tumeungana kwa sababu hakuna kijiji kati ya hivi viwili kinachoweza tena kupata vijana kumi na watatu wasio na mafua. Baridi nzima tuligombania rangi ya jezi. Ya pai hatukugombania: pai zilikuwa za Glenda, na njegere za kupondwa walileta wao, nyepesi kidogo, lakini siku hiyo tuliamua kuwa watu wakubwa tusiseme.

Neville alikaa mbele kabisa, tai shingoni. Glenda alisimama kwenye mlango wa jiko, ambako mtu anaweza kukimbia. Janine akafunga mapazia, akazima taa, ukuta ukawaka, na tukajiona: uwanja wetu, mvua yetu, mnara wa mgodi bado umesimama nyuma. Wengine waliokuwa wanakimbia pale ukutani hatunao tena.

Mpira ukapigwa juu. Kamera ikaufuata vizuri sana, haitikisiki, ukashuka, ukadakwa na namba nane wa Thorpley. Wakamrukia watatu wakamwangusha matopeni. Ndipo sauti ya msichana ikasikika, nyembamba na kali, kutoka juu ya lori:

"Jamani, hilo kabati nani kalitoa nje?"

Vijiji viwili vikacheka pamoja kwa mara ya kwanza katika historia yao. Watu wakageuka kumtafuta Glenda. Yeye alikuwa anautazama mgongo wa Neville, na mgongo haukucheka.

"Mama yake alimlisha nini, saruji?" sauti ikaendelea. "Mtazame, Avril, anakimbia kama katumwa duka lililofungwa."

Kicheko kikazidi. Mzee mmoja wa Thorpley alikuwa anafuta machozi kwa leso. Glenda alihisi uso unamchoma. Akaona Neville ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akisikiliza injini mbovu, na roho ikamuuma hasa. Alitamani akauzime ule ukuta kwa ndoo ya maji.

Likaja la rambirambi. Lilikuja wazi kabisa, kila neno mahali pake, na ukumbi ulipolielewa watu walipiga meza. Mwanamke mmoja wa Thorpley akasimama na sahani yake ya pai akamwinamia Glenda kwa heshima.

"Poleni na msiba, Bi Glenda."

"Tumeshapoa," Glenda akajibu, kwa kuwa mdomo ule ule uliomponza haujui kukaa kimya. Lakini macho yake hayakutoka kwenye mgongo wa mumewe.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Royston.

"Mpira uko wapi?"

Ukutani, watu waliokuwa uwanjani siku ile walikuwa wanashangilia kitu. Kelele zilikuwa kubwa, bila shaka mtu wa Ackersby kafunga trai. Lakini kwenye picha hapakuwa na trai wala mpira. Palikuwa na namba nane wa Thorpley, amejishika kiuno, anatema maji ya mvua.

"Nani kafunga?" mtu akauliza.

"Kafunga Trevor, nakumbuka," Royston akasema. "Lakini mbona hatumwoni? Dada, fuata mpira!"

Mpira ukaonekana kidogo, ukapita, ukaenda zake kulia. Kamera haikwenda kulia. Ilibaki na namba nane, aliyekuwa anajifuta tope kwenye jicho. Wakati wa mapumziko timu zote mbili zilikula vipande vya chungwa; tulimwona mmoja tu akila, mpaka ganda. Kipindi cha pili kikaanza na Ackersby ikafunga tena, tukasikia, na wakati huo namba nane alikuwa anapandisha soksi. Kila mara sauti ilikuwa inamtukana. Kila mara mkono ulikuwa umetulia juu yake, mkono ule wa kuandika majina kwa sukari, hautikisiki hata chembe.

Kicheko cha ukumbi kikaanza kubadilika. Watu wakaanza kutazamana. Glenda naye akaacha kuutazama mgongo wa Neville, akautazama ukuta, na akaona walichokuwa wanakiona wenzake.

"Zinakuja dakika za mwisho," Royston akasema. Alikuwa amesimama, amesogea mpaka kivuli chake kinaingia kwenye picha. "Nyamazeni. Winga yuko upande wa kushoto. Geuza kamera kushoto, Glen. Geuza, dada yangu, nakuomba."

Ukutani, karibu na mstari wa katikati, namba nane alikuwa amepiga goti moja kwenye tope anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa hana haraka. Alivuta kamba, akatengeneza kitanzi, mvua ikimtiririka kwenye yale masikio. Kelele zikalipuka upande wa kushoto. Filimbi ikalia. Sauti ya Avril ikapiga yowe, "Wamefunga! Wamefunga, mama yangu, tumekwisha!"

Na sauti ya Glenda, ikiwa imegutuka kama ya mtu aliyeamshwa, ikauliza, "Nani? Wapi?"

Pale ukutani Neville kijana akasimama, akainua kichwa, akatazama moja kwa moja ndani ya kamera, na akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayemwamkia jirani. Picha ikakatika.

Janine akawasha taa. Royston akakaa chini taratibu.

"Kwa hiyo sitajua," akasema.

"Hutajua, shemeji," Neville akamjibu. "Lakini ilikuwa halali."

"Utajuaje wewe? Ulikuwa unafunga kamba."

"Niliambiwa."

Royston akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Neville akageuka kwenye kiti na kumtafuta mkewe kwa macho. Alikuwa anatabasamu sikio kwa sikio.

"Kila nilipoinuka kwenye tope," akamwambia, vijiji vyote viwili vikisikiliza, "naikuta ile mashine inanitazama mimi. Mpira uko kule, inanitazama mimi. Nikasema, huyu msichana ama ananipenda, ama raga haijui. Nikaenda nikaulizia. Wakaniambia ni dada wa kocha, raga anaijua kuliko kocha mwenyewe."

Glenda akajifuta mikono kwa aproni. Miaka yote alidhani ndiye aliyempa mumewe uongo mtamu wa kuishi nao. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa hajui. Mume alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza, na akachekwa kwa ajili yake, na hakuchoka kuisema. Wahenga walisema macho hayana pazia. Dakika ile pale ukumbini alimpenda sana Neville, na alifurahi kujua kwamba hata siku ile juu ya lori, kabla mwenyewe hajajua, alikuwa anampenda.

Akatoka mlangoni, akapita katikati ya Thorpley na Ackersby na aproni yake ya unga, akakaa kwenye kiti cha pembeni yake.

"Na matusi je?" akamuuliza kwa sauti ndogo. "Hayakukuuma?"

"Matusi sikuwahi kuyasikia, ulikuwa mbali," Neville akasema. Akauchukua mkono wake akauweka juu ya goti lake bovu, akawageukia watu waliokuwa wameanza kelele. "Janine, rudisha mwanzo. Na nyie nyamazeni, nataka nisikie vizuri anavyonitukana."